Gaudens Luambano, Fundi wa Mazimwi

Siku Nurdin alipomwamkia Selina "Shikamoo", Selina alijua kwamba mtu amekufa.

Kwa miaka kumi na moja Nurdin hakuwahi kumpa salamu ya heshima. Yeye ni Myao wa Tunduru, Selina ni Mngoni wa Peramiho, na kati ya watu hao kuna utani ulioanza tangu mababu zao walipoacha kurushiana mikuki. Kila alipopita Kariakoo, kwenye kibanda cha Selina cha vifungo, zipu na nyuzi, Nurdin alianza kelele akiwa hatua ishirini. "Mngoni! Panya wa leo mmewakaanga au mmewachemsha?" Naye Selina, bila kuinua macho, alijibu: "Babu yako alipomwona babu yangu alipanda mti. Ameshashuka?" Hapo ndipo salamu ilipokamilika, wakaulizana habari za watoto.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, Nurdin alikuja kimya. Alisimama mbele ya kibanda amevua kofia, vidole vyake vina rangi ya kijani iliyokauka.

"Shikamoo, dada."

Mkono wa Selina ulikuwa ndani ya boksi la vifungo. Hakuutoa. "Ni Gaudens?"

"Ni Gaudens."

"Yuko hospitali gani?"

"Tulimfikisha, dada. Ila tulimfikisha ameshaondoka."

Mteja aliyekuwa akisubiri vifungo vya shati, mama mmoja mshonaji, ndiye aliyefunga kibanda na kumpa Selina funguo. Selina alifanya ishara ya msalaba, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kutembea. Nurdin alimfuata nyuma mtaa mzima kabla ya kuthubutu kumwambia kwamba njia aliyoshika siyo ya nyumbani kwake Ilala.

Gaudens, kaka yake, alifia kazini akiwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa amekaa kwenye meza yake, ghorofa ya pili ya jengo la zamani pale Mchafukoge, anamwekea joka kope. Akamwambia Nurdin, ambaye ndiye aliyekuwa akimpakia rangi kazi zake, "Hebu nipe maji, kifua kinanibana." Nurdin akajibu jinsi mtani anavyojibu: "Kunywa mate, Mngoni, maji ni ya watu." Kisha akaenda kuyaleta. Aliporudi na kikombe, Gaudens alikuwa ameegemea meza na kibanio cha kope bado kiko mkononi. Nurdin alimsimulia Selina habari hiyo yote, na lile jibu lake hakulificha. Selina akamwambia, "Ungemjibu kwa adabu angekufa kwa mshtuko." Ndilo neno la kwanza la utani lililosemwa tangu kifo kile, na wote wawili walilia baada yake.

Kazi ya Gaudens haikuwa rahisi kuieleza, na dada yake alikuwa na sababu zake za kutoieleza.

Baba yao alikuwa seremala wa misheni Peramiho. Gaudens alijifunza randa na patasi kwake, akaja Bongo akiwa kijana kutengeneza vitanda Ilala. Angeweza kuzeeka na vitanda kama si vibanda umiza. Vijana wenzake walienda kwenye vibanda hivyo kutazama mpira. Yeye alienda kutazama filamu za majoka, wachawi na majeshi ya mazimwi. Hakujali nani ameshinda vita wala nani amemwoa binti mfalme. Alitaka kuona mgongo.

"Zimwi linaonyeshwa kwa mbele tu," alilalamika. "Linakuja, linanguruma, linapigwa mkuki, limeanguka. Sasa mimi nitajuaje mgongoni likoje?" Kuna filamu moja aliyoilipia mara sita kwa sababu joka lake liligeuka nyuma kwa muda wa kupiga chafya. Watazamaji wenzake walimjua. Joka lilipokaribia kugeuka walipiga kelele, "Fundi, mgongo huo! Mgongo!" na mwenye kibanda alirudisha mkanda nyuma bila kuombwa.

Zimwi lake la kwanza alilichonga kwa mabaki ya mninga, akaliweka juu ya kabati la mteja lililokuwa likisubiri kuchukuliwa. Mteja alikataa kabati. Lakini Rahaf, binti wa Mzee Ubeid mwenye duka la midoli Mchafukoge, alikuwa amekuja kuagiza rafu, akalizunguka lile zimwi mara mbili na kusema, "Hili lina mgongo." Gaudens alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia neno tamu kama hilo. Hakuoa. Akiulizwa, alisema hajampata atakayekubali kulala chumba kimoja na joka.

Rahaf ndiye aliyemweleza kwamba duniani kuna watu wazima, wenye kazi na ndevu, wanaokusanya sanamu za namna hiyo na kuziweka kwenye makabati ya vioo yenye taa. Ndiye pia aliyemwonya. "Ukiiga joka la filamu ya mtu, mwenyewe akiliona tutalala ndani. Tengeneza la kwako." Basi Gaudens akaanza kutengeneza ya kwake. Alianza na mifupa ya waya, akaivika udongo, akauchora kwa njiti za baiskeli zilizonolewa na kijiko kimoja alichokiiba kwa Selina. Udongo ukikamilika alitengeneza kalibu ya raba, akamimina humo faiba, maji mazito yenye harufu kali yanayoganda yakawa magumu kama mfupa. Sanamu thelathini tu kwa kila kalibu, kisha kalibu inakatwakatwa, ili aliyenunua ajue kwamba wenzake duniani ni ishirini na tisa.

Siri ya kazi yake ilikuwa ngozi. Aliitafuta Kariakoo kwa wauza matunda. Ganda la stafeli alilikandamiza kwenye udongo likawa shingo ya joka, ganda la fenesi likawa mgongo, la nanasi likawa mkia. Wauza matunda walimwogopa. Mtu mzima anachagua fenesi kwa kulipapasa amefumba macho, halafu anachukua bichi na kuacha lililoiva! Nyama ya matunda hayo aliipeleka kwa dada yake. Selina na wanawe walikula mafenesi yaliyochunwa mpaka mtoto wa mwisho akaamini kwamba fenesi huota bila ganda.

Lakini mazimwi yenyewe hayakuingia kwa Selina. Selina ni mtu wa kanisa, katibu wa jumuiya yao ya Mtakatifu Yosefu, anayejua rozari kuliko namba yake ya simu. Aliona aibu. Gaudens alilijua hilo na hakugombana naye. Akipita kwake na kazi mkononi, aliifunika kitenge na kuiacha mlangoni ikitazama ukuta. "Nimewaacha nje," alisema akikaa mezani. "Wana adabu, hawatasogea."

Sasa, miaka miwili kabla, mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Filbert, alikuwa amemuuliza Selina mbele ya wote: "Mama, nasikia kaka yako anatengeneza sanamu. Za watakatifu?"

Selina angeweza kusema hapana. Alisema, "Ndiyo, za namna hiyo."

Jumuiya ikashangilia. Sikukuu ya msimamizi wao ilikuwa karibu na hawakuwa na sanamu. Selina alipanda ngazi za Mchafukoge kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima.

"Mtakatifu Yosefu?" Gaudens alikuna kichwa. "Sijawahi kumwona mgongo."

"Kaka, usinitanie. Nimeshaahidi."

"Lini wanamtaka?"

"Jumapili."

"Dada, udongo tu unakauka siku nne. Mungu mwenyewe alichukua siku sita."

Lakini Jumapili alileta sanamu ndani ya kitenge: mzee mwenye ndevu, kanzu ndefu, fimbo mkononi na msumeno mdogo ubavuni. Uso wake ulikuwa mpole mno. Jumuiya ilimpokea kwa vigelegele, padre akambariki kwa maji ya baraka. Ni Selina peke yake aliyemvuta kaka yake nyuma ya nyumba.

"Huyu ni nani?"

"Yosefu."

"Gaudens!"

"Kabla ya hapo alikuwa mchawi," Gaudens alikiri. "Kofia yake iliingia mapovu, nikaikata. Msumeno nimemwongezea. Ila mwangalie vizuri, dada. Ule uso ni wa baba."

Selina alimwangalia. Ulikuwa wa baba kweli, seremala wa Peramiho, hata lile kovu la patasi kwenye nyusi. Akarudi naye kwa wenzake. Huko Mama Severine, mwanajumuiya mwenzake, alivaa miwani na kuuliza mbona mkanda wa Mtakatifu Yosefu una fuvu dogo, la ukubwa wa njegere.

"Hiyo ni ishara," alisema Selina, akitokwa na jasho. "Yeye si ndiye msimamizi wa kifo chema?"

"Alaa!" walisema wote, wakainamisha vichwa. Tangu siku ile sanamu ilizunguka nyumba hadi nyumba, ikawekewa maua na mishumaa, na Mzee Filbert akawa anawaeleza wageni habari ya fuvu kwa kirefu, akiongeza na mafundisho ambayo Selina hakuyatunga.

Basi msiba ulipowekwa kwa Selina pale Ilala, turubai likafungwa na viti vikapangwa, mambo mawili yalimfikia kwa pamoja. Kwanza, Mzee Filbert alikuja na sanamu ameikumbatia kifuani, macho mekundu. "Kazi ya mikono yake ndiyo itakayomtangulia kanisani," alisema. "Mbele ya jeneza. Jumuiya imeamua." Pili, kwa kuwa Selina ndiye aliyemaliza kidato cha nne kati ya ndugu, aliambiwa aandike wasifu wa marehemu na kuusoma mwenyewe Ijumaa, mwili ukifika nyumbani, padre akiwepo.

Alhamisi mchana alikaa chumbani akaandika. Kazi: marehemu alikuwa fundi wa sanamu za watakatifu. Aliitazama sentensi hiyo. Ilikuwa na mwandiko mzuri.

Nje, watani walikuwa wameingia. Nurdin alikuja na Wayao wenzake watatu, amevaa aproni ya Gaudens iliyojaa rangi, ananguruma kama zimwi na kuchechemea. Alilala kifudifudi mlangoni ili wanaobeba maji wamruke. Akapiga yowe la uongo: "Jamani Mngoni wangu! Nani sasa atanidai brashi zake!" Kina mama waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka ndani ya kanga zao, ndiyo kazi ya mtani, kisha wakalia upya vizuri zaidi.

Selina alimwita chumbani.

"Nurdin, nakuomba. Fanya vituko vyote, lala hata kwenye sufuria. Ila habari ya Yosefu usiitaje."

"Yosefu yupi? Yule mchawi?"

"Shh!"

Nurdin aliona karatasi, akaichukua, akaisoma akiwa amesimama. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akairudisha kitandani. Uso wake ulikuwa umeacha utani.

"Pole na msiba," alisema. "Huyu marehemu mimi simjui. Wacha nivue hii aproni niende nikamtafute Gaudens wangu, labda anazikwa nyumba nyingine."

"Usinifanyie hivyo. Unajua watanionaje? Miaka miwili wanasali mbele yake."

"Mimi ni mtani wako, Selina. Nina ruhusa ya kusema uongo wowote hapa nje, na nitausema. Ukweli siyo kazi yangu. Ukweli ni wa ndugu."

Alitoka, na dakika hiyohiyo yowe lake likasikika tena uani.

Jioni ile Rahaf alifika na baba yake kutoa pole. Alikaa mkekani karibu na Selina, akafungua simu. Wanunuzi aliokuwa akiwauzia kazi za Gaudens walikuwa wameandika. Mmoja wa Muscat, mwenye mazimwi saba ya Gaudens, alikuwa ameyafunika vitambaa vyeusi. Mwingine alikumbuka alivyolalamika kwamba kucha za joka lake zina uchafu, na Gaudens akamjibu: joka halina mama wa kulikata kucha. "Na huyu," Rahaf alisema, "anauliza kama dada yake ni mzima. Anasema Gaudens alimwambia kwamba malkia wa majoka, yule mwenye mikono kiunoni, ni sura ya dada yake akidai kijiko chake."

"Sura yangu?"

"Zote thelathini zilinunuliwa, dada."

 Selina hakuwahi kumwona malkia huyo. Kaka yake alikuwa amemleta mpaka mlangoni kwake, bila shaka, akamwacha ndani ya kitenge akitazama ukuta. Alirudi chumbani, akapiga magoti akasali, kisha akachukua karatasi nyingine.

Ijumaa saa sita mwili ulifika. Padre alikaa chini ya turubai, jumuiya ikiwa na sare zake, Mzee Filbert mstari wa mbele na sanamu magotini. Selina alisimama kando ya jeneza, akakunjua karatasi.

Alisoma tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, shule. Kisha akasoma: "Marehemu alikuwa fundi wa mazimwi. Alitengeneza majoka, wachawi na mazimwi ya namna ya yale ya filamu, yakanunuliwa na watu wa nchi nyingi. Hakutengeneza watakatifu. Mimi dada yake ndiye niliyesema uongo kwa jumuiya, kwa sababu ya aibu yangu. Sanamu aliyoishika mwenyekiti wetu ilikuwa mchawi kabla haijakatwa kofia. Uso ni wa baba yetu mzazi. Naombeni msamaha wa marehemu, wa Mungu na wenu."

 Mzee Filbert aliitazama sanamu magotini kama mtu aliyegundua kwamba mtoto anayempakata siyo wake.

"Na fuvu?" aliuliza polepole.

"Fuvu nililitunga, mwenyekiti. Ni la mchawi."

"Sasa mimi," padre alisema, "nilimbariki nani?"

Ni Mama Severine aliyeanza. Alijaribu kukohoa, ikashindikana, kikatoka kicheko. Wenzake wakafuata, Mzee Ubeid akafunika uso kwa kilemba, na nyuma kabisa Nurdin alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtiririka yakiwa ya kweli.

"Mwanangu alipata kazi baada ya kusali mbele yake," Mama Severine alitangaza alipopata pumzi. "Mimi kazi siirudishi!"

"Haambiwi mtu kurudisha kitu," alisema padre. "Aliyeombwa ni Mungu. Leo mbele ya jeneza tutabeba msalaba. Huyo mzee abaki nyumbani, tutamzungumzia Jumapili. Na wewe, mama katibu, tutaonana kwenye kitubio."

"Ndiyo, baba."

Mzee Filbert hakucheka. Aliiweka sanamu ndani, juu ya kabati, akatoka akachukua msalaba. Alipompita Selina alisimama. "Miaka miwili nawafundisha watu fuvu," alisema, akatikisa kichwa. Kisha akamshika mkono, akaubana, akaenda kusimama mbele.

Misa ilisomwa saa nane. Baada ya misa watu walipita kumuaga marehemu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na shati jeupe, na Selina alimwekea rozari mikononi. Jeneza likafungwa.

Walifika makaburi ya Kinondoni saa kumi kasoro. Nurdin na wenzake walikuwa wamekalia rundo la udongo na makoleo yote wameyashika, wakadai kwamba Mngoni hateremki mpaka ndugu zake wakiri mbele ya watu nani alikuwa bwana wa nani enzi zile. Selina alikiri. Walicheka, wakatoa makoleo, na Nurdin mwenyewe alikuwa mmoja wa wanne walioshika kamba.

Padre alibariki kaburi, akasali, akatupa udongo wa kwanza. Selina alitupa wa pili, wanawe wakafuata, kisha jumuiya, Rahaf na baba yake, na watani. Wanaume wakafukia kwa zamu. Kwaya iliimba nyimbo tatu. Msalaba wa mbao ulisimikwa, una jina lake, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Mashada yaliwekwa na familia, jumuiya, majirani wa Ilala na wapangaji wa jengo la Mchafukoge. Mzee Filbert aliongoza Baba Yetu na Salamu Maria, na saa kumi na moja na nusu watu walianza kuondoka.